Kipimo cha Mvua Kilijaa

Baba Kibonge mpenzi,

Hatujambo kiasi. Kuku ametotoa. Mama yako bado ananiita "karani wa mawingu" kila nikienda kusoma kile kipimo cha mvua ulichokisimika uani, ili mkilinganishe na utabiri wa kompyuta yenu huko ofisi ya hali ya hewa.

Majirani walipoanza kuhama bondeni, ulinipigia: "Mke wangu, mashine imesema manyunyu tu. Usihangaike." Nikabaki, maana nakuamini.

Kipimo kilijaa pomoni. Ukuta ukamwangukia mwanetu usingizini. Nilikupigia nikilia, ukauliza kwanza, "Milimita ngapi?" Nikakutajia. Ukawapigia wenzio kelele, "Jamani, mashine imekosea vibaya!" Simu ikakatika.

Kibonge tumemzika. Kipimo nimekiosha, kiko palepale. Ukija, Mungu atatupa mwingine.

Ni mimi, bado Mama Kibonge.