Mlio Mkubwa na Mlio Mdogo

Jumanne, 5 Juni 1951. Kitale.
Asubuhi chini ya gari tena. Mgongo umelowa matope. Magari ya kuuzwa tuliyoonyeshwa mjini ni mabati tu, hayafai. Jingine tulilosikia leo ni la mkulima Mzungu wa kule Kwanza anayerudi kwao Ulaya. Gari la shamba, fupi, la turubai, linavuta kwa magurudumu yote manne. Barasa, kaka wa mke wangu, anataka tulinunue pamoja. Yeye alipakie bidhaa za duka lake la Misikhu, mimi mahindi yangu ya Kamukuywa. Kuamua kama ni zima ni kazi yangu. Ndivyo inavyofaa. Niliendesha malori ya jeshi Burma. Nayaamini masikio yangu.

Jumatano, 6 Juni. Kwanza.
Nimeliendesha mwenyewe, Barasa kando yangu. Injini ina nguvu. Mlima limepanda kwa gia ya tatu bila kulalamika. Klachi nzuri. Lakini likishika kasi linavuma kama nyuki ndani ya debe. Barasa amekunja uso. Fundi mmoja wa mjini alilijaribu kabla yetu, akamwambia difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, inakufa.

Nimetoa gia, nikaliacha liteleze lenyewe. Mvumo ukabaki. Basi si giaboksi. Nikaliingiza kwenye majani ya malisho, kasi ile ile. Kimya. Difu mbovu ingelia hata huko. Ni tairi zenye meno makubwa zinazolia kwenye barabara ngumu. Fundi amekosea.

Kinachonisumbua ni kitu kidogo. Nikiachilia mafuta, tk. Nikikanyaga, tk. Nimelala chini nikashika kwa mkono ule mti wa chuma unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi magurudumu ya nyuma. Kiungo chake kinacheza. Kimelika. Nimemwambia Barasa tununue, lakini lisibebe mzigo mpaka nibadilishe kiungo. Amekubali upesi mno.

Ijumaa, 8 Juni.
Gari ni letu. Kiungo hakipo Kitale, kitatoka Nairobi kwa treni. Nimeliacha Misikhu kwa Barasa, ana banda. Tena mkewe Nekesa ni mjamzito na siku zimekaribia. Nimerudia onyo. Ameitikia huku anapima sukari.

Jumatatu, 11 Juni.
Watu wa soko la Kamukuywa wameniambia gari letu limepita limejaa magunia, turubai limevimba. Nimepiga baiskeli hadi Misikhu. Barasa amecheka.
"Shemeji, huo mlio wako hata siusikii, bana."
Mimi nausikia nikiwa nimesimama kando ya barabara. Sasa si tk. Ni ko. Nimeliendesha gari hadi kwangu, baiskeli nyuma. Mke wangu anasema nimemwaibisha kaka yake mbele ya wateja. Ni kweli. Sijuti.

Alhamisi, 14 Juni. Bungoma.
Naandika nikiwa hospitali.

Barasa amefika kwangu asubuhi kwa baiskeli, mvua inamshukia. Nekesa ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, mkunga anasema hospitali tu. Hakuomba vizuri wala mimi sikungoja aombe. Tumemchukua Misikhu, tukamlaza nyuma juu ya godoro, mkunga akimshika mabega. Nimeenda polepole, mguu laini kwenye mafuta. Barasa alinihimiza, halafu akausikia mlio yeye mwenyewe. Akaacha kunihimiza.

Tumevuka daraja la mto. Mbele kidogo kiungo kikakatika. Ule mti ukaanza kupiga sakafu, chini ya Nekesa kabisa. Nikasimama. Injini inanguruma, gari haliendi. Barasa akasema, "Shemeji, ni yale magunia."
Nikamwambia, "Nishikie spana."

Niliogopa. Lakini nilijua la kufanya. Nimelala matopeni, nikafungua ule mti wote, nikautupa nyuma. Gari hili likinyimwa magurudumu ya nyuma, ya mbele yanaweza kuvuta peke yake. Nikaingiza ile gia ya magurudumu ya mbele. Likatetemeka. Likaenda. Palipoteleza Barasa alishuka akasukuma, viatu vikabaki kwenye tope. Tumefika hospitali kungali mchana.

Ijumaa, 15 Juni. Bungoma.
Msichana. Mzazi mzima. Amezaliwa mvuani, basi ni Nafula. Daktari amesema tungechelewa zaidi asingeahidi kitu. Barasa amelia kwenye veranda ya hospitali, miguu mitupu. Tangu Jumatatu nilikuwa na maneno makali ya kumwambia. Nimemnunulia chai.

Jumamosi, 23 Juni.
Kiungo kimefika stesheni. Barasa ameomba tulale chini ya gari pamoja. Nimemfundisha kushika chuma na kusikia kinapocheza. Ana mikono mizito lakini anauliza vizuri.

Jumatano, 27 Juni.
Tumewarudisha Nekesa na mtoto nyumbani. Barasa ameendesha, mimi kando. Gari zima. Baada ya daraja Nekesa ameomba tusimame mtoto anyonye. Barasa amezima injini. Mvua ilikuwa imekatika, Mlima Elgon wote uko wazi, moshi ukipanda kutoka mashambani. Barasa ameshuka akasimama barabarani, mikono nyuma. Tumekaa hapo mpaka mtoto akashiba.