Damu ya Wanafunzi Ndani ya Friji

Mama Véronique wa redio, naomba unisaidie. Mimi ni profesa wa chimie, ile kemia, hapa Bunia, nachunguza ngozi ya chembe za damu, ngozi nyembamba sana, na zile protéines zinakaa ndani yake na kufungulia maji na chumvi njia, maana malaria inaivunja hiyo ngozi na mimi nataka kujua inaivunja namna gani, na kwa sababu courant ya umeme inakatika kila mara ku labo, maabara yetu, nilileta chupa za damu nyumbani, kwenye friji yetu ya solaire, inatumia jua, nyuma ya maziwa. Mama-mukwe wangu, mama ya bibi yangu Débora, anakaa kwetu tangu watu wa vita walimuchomea nyumba kule Djugu, na jana alifungua friji atafute maziwa ya chai, akapiga kelele: "Yesu! Hii damu ni ya nani?" Unajua desturi yetu, mukwe haingie jikoni kama mama-mukwe iko mule, basi nikabaki salon nikajibu kwa nguvu, na kicheko juu yake: "Usiogope, mama, ni ya wanafunzi wangu!" Mama wee! Alitoka bila viatu, parcelle, uwanja wetu, ikajaa watu, vijana wakashika mawe mpaka chef wa avenue, mukubwa wa mtaa, akawatuliza, na sasa mama amefunga mizigo, anasema heri arudi Djugu, kwenye hata wanaume wanaogopa kurudi, na Débora anasema wataenda wote wawili. Nimwage damu wanafunzi walinipa kwa hiari, kazi ya miaka miwili? Nimeshituka, sijui nifanye nini.

Jérôme, Bunia

Weye Profesa! Na mimi nimeshituka, chai imepoa mbele yangu. Mama mwenye alikimbia vita, unamupigia kelele toka salon kama damu ya wanafunzi iko ku friji, tena unacheka? Akili uliiweka wapi? Pole, najua haukuwa na ubaya, na kazi yako ni ya maana, malaria inatumaliza. Usimwage kitu. Lakini zile chupa zirudi ku labo leo, mchana, majirani wakiona. Friji ya chakula ni ya chakula.

Mambo ya protéines, acha. Leo hii tuma shangazi yako amuombe mama musamaha kwa jina lako, amusihi angoje mpaka siku ya yenga, Jumapili. Kisha uite wale wanafunzi wenye walitoa damu, wote, waje wamusalimie mumoja mumoja, waseme majina, wakunje mikono ya shati aone sindano iliingia wapi, wakule pamoja naye. Weye kaa inje. Na kama mumoja iko Mambasa kwa wazazi, usiseme ataonekana siku ingine. Panda pikipiki umulete, kwani kwa huyu mama, mwenye hakufika amekufa.