R Mbili za Guka

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, baridi imeingia mpaka kwenye kiti, na mimi nina aibu.

Kazi yangu hapa Kiganjo ni kuchapa: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, programu za mazishi. Nikiona Kiingereza kimepinda, nakinyoosha bila kuulizwa, na huwa najisifu kwa hilo. Nikiwa darasa la sita niliongoza maombi kwenye paredi nikasema "Let us play" badala ya "pray". Walicheka mpaka mwalimu. Tangu siku hiyo R na L sizipi nafasi.

Jana guka mmoja, mzee wa Kalimoni, aliniletea wasifu wa marehemu mkewe. Ameuandika mwenyewe, kwa kalamu, kwa Kiingereza. Mazishi ni kesho. Aliandika kwamba mkewe "corrected water" mtoni. Kisha "corrected firewood". Nikatabasamu peke yangu. Yule mama hakukosoa maji wala kuni, aliteka na kuokota. Sisi Wakikuyu na hizo herufi tunajuana. Nikabadilisha zote ziwe collected, nikachapa nakala mia moja.

Mstari wa mwisho ulisema: "For forty years she corrected me."

Nao nikaunyoosha.

Leo amekuja kuzichukua. Akasoma kwa kidole mpaka chini, kidole kikasimama.

"Mami, hapa umeandika nini?"

Nikamweleza tofauti ya maneno hayo mawili, kwa sauti ya mwalimu. Naona haya hata kuiandika. Akaningoja nimalize.

"Hizo zingine ni sawa, umenisaidia. Lakini hii ya mwisho niliandika polepole. Huyo mama alikuwa ananikosoa. Hata pombe niliacha juu yake."

Nikamwambia pole. Nikarudisha zile R mbili, nikachapa zote upya, yeye ameketi karibu na mlango akitazama mvua. Ndipo nikaona shati lake. Kifungo kimeruka tundu moja, upande mmoja wa kola umepanda.

Nilisita. Kisha nikamwambia, "Guka, kifungo."

Akatazama chini, akacheka kidogo, halafu akalia.

Kesho atasoma ule mstari mwenyewe mbele ya watu. Kwa ulimi wetu maneno yale mawili hutoka sawasawa. Nadhani waliomjua mkewe watajua ni lipi.