Nyuma ya Mpiga Picha

Jumatatu, 3 Machi
Mara ya nne narekodi, mara ya nne jogoo wa jirani anawika juu ya neno "nyumbani". Bi. Nekesa, anayetufundisha wazee kutengeneza hadithi za picha na sauti katika ukumbi wa kanisa hapa Kisian, amenishauri nirekodi ndani ya gari la mchungaji, madirisha yamefungwa. Nimetoka nimelowa jasho. Sauti ni safi.

Hadithi yangu ni ya dakika tatu. Picha saba, maneno yangu, na orutu, zeze letu la uzi mmoja, ikilia chinichini. Itaonyeshwa ukutani Jumapili ya tarehe 16. Wanangu wanakuja na wajukuu. Hawajawahi kuona tulikotoka, na hakuna pa kuwapeleka. Maji yalichukua boma letu chini ya Ahero nikiwa na miaka kumi. Mto ukahamia pale, haukuondoka tena.

Jumatano, 5 Machi
Picha ya nne ndiyo yenye nyumba. Nyeusi na nyeupe, unyevu umeila pembeni. Baba, Mama, dada yangu Dorka, na mimi wa miaka mitano, mbele ya nyumba ya mabati. Nimesema hivi: "Huu ndio mlango wetu wa kijani. Kwenye kizingiti hiki nilijifunza kusoma." Bi. Nekesa alifuta macho. Nilijivuna. Sipendi kukiri, lakini nilijivuna.

Jumamosi, 8 Machi
Nilikwenda Ahero kumwonyesha Dorka. Ana miaka themanini na mbili, anacheka kuliko mimi. Alisogeza simu hadi puani.

"Hiyo nyumba ni ya Mzee Onyango."

Nikamwambia ni yetu.

"Jaduong', mzee wewe, na vitabu vyako vyote hivyo? Ya kwetu ilikuwa ya nyasi. Mpiga picha ndiye alitupeleka tusimame kwa jirani. Nani alitaka kuonekana na nyasi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Hata koti la Baba ni la Onyango."

Nimerudi bila kula samaki wake. Haijawahi kutokea.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani.

Miaka sitini na zaidi naililia nyumba ya jirani. Mimi, ninayesahihisha wenzangu tarehe hata matangani. Na mengine je? Sauti ya Mama ninayoikumbuka, ni ya Mama kweli?

Jumanne, 11 Machi
Bi. Nekesa anasema tuiache kama ilivyo. "Mzee, nani atajua? Nyumba ni nyumba." Kasema kwa huruma. Nilikaribia kukubali. Dorka haji, miguu imemkataa. Siku atakayoondoka yeye, nyumba ya Onyango itakuwa yetu milele, na ile ya nyasi itakuwa imezama mara ya pili.

Naogopa hilo kuliko aibu.

Alhamisi, 13 Machi
Jambo moja limenisumbua tangu alfajiri. Picha haina rangi. Kijani nilikitoa wapi?

Nimempigia Dorka. Ndiyo, mlango wa Onyango ulikuwa wa kijani. Nikamwuliza, na yetu ilikuwa upande gani?

"Si zilikuwa zinatazamana? Mama akikaa mlangoni anaona kwa Onyango mpaka jikoni. Wewe hapo miguuni pake na kitabu chako."

Kizingiti kilikuwa chetu. Mlango wa kijani ndio niliouona kila nilipoinua macho.

Ijumaa, 14 Machi
Garini tena. Nimebadilisha maneno ya picha ya nne: "Hii si nyumba yetu. Yetu iko nyuma ya mpiga picha." Hapo nimeiondoa orutu. Dirisha moja halikufungwa vizuri, jogoo akaingia kwenye rekodi. Bi. Nekesa alitaka kumkata. Nimekataa.

Jumapili, 16 Machi
Imeonyeshwa. Ukutani, picha ikiwa kubwa vile, niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: Mama haitazami kamera. Anatazama kidogo kando ya mpiga picha, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Maneno yangu yalipofika "nyuma ya mpiga picha", mjukuu wangu mdogo aligeuka kwenye kiti chake, akatazama nyuma.