Agosti ya Warumi

Jumatatu, 7 Julai

Sijamwambia mtu, hata paka wa jirani: AVG mimi sijui ni nini.

Ilikuwa jana, makumbusho ya kwanza. Bibi kabandika pua kwenye kioo. Ndani sarafu za Kirumi, nyeusi nyeusi, kila moja na mwanamume aliyetazama pembeni kama amenuniwa na mkewe. Bibi alikuwa keshia wa benki mpaka anastaafu. Mbele ya sarafu hasikii la mtu.

"Mke mwenza, hapa pameandikwa nini?"

(Ndivyo anavyoniita. Anadai nilimnyang'anya Babu siku niliyozaliwa.)

Herufi zilizunguka kile kichwa kama inzi. Nilizoweza kuzitambua ni AVG tu. Ningesema sijui, yangeisha. Lakini shuleni tunasoma kwa lugha mbili, moja ya nyumbani, moja ya mtihani, na safari hii ya ugenini, wanakosema hiyo ya mtihani, nimeletwa kama mkalimani. Mkalimani gani hajui? V ya zamani ni U, hilo nililisikia mahali. Mdomo ukanitangulia:

"Agosti, Bibi. Ilitengenezwa Agosti."

Bibi alifurahi utadhani kapewa ile sarafu. Yeye kazaliwa Agosti. "Warumi walikuwa watu!" akasema.

Uongo mdogo tu. Kesho tunahama mji. Yameisha.

Jumanne, 8 Julai

Hayajaisha!

Baba mdogo ni fundi wa lifti. Kazi inampeleka mji hadi mji, na likizo hii ametupakia kwenye gari lake katikati ya nyaya na makopo ya grisi. Yeye akipanda na kushuka, sisi tunaingia makumbusho. Leo mji mwingine, makumbusho mengine — AVG tena. Zimejaa kabati zima!

"Agosti!" Bibi akapiga kofi. Mlinzi akageuka. Nikatamani sakafu ifunguke.

Sasa Bibi ana nadharia. Eti Warumi walikuwa hawataki usumbufu: hela zote wanazitengeneza Agosti, kisha mwaka mzima wanakaa kuzitumia. "Benki yetu ingefanya hivyo, mgongo wangu ungekuwa mzima leo." Akataka nimweleze mlinzi. Nikamwambia mlinzi kwamba bibi yangu anasema chumba hiki kina ubaridi mzuri. Mlinzi akashukuru.

"Maneno yangu yote yale, umeyatoa mawili matatu?"

"Lugha yao fupi, Bibi."

Akaniangalia. Mwanamke huyu kapokea noti za watu maisha yake yote. Kikipungua kitu, vidole vinamwambia.

Jumatano, 9 Julai

Balaa.

Makumbusho ya leo yana bango ukutani, herufi kubwa kama za chekechea. AVG ni kifupi cha Augusto, cheo cha Kaisari. Na mwezi ndio uliopewa jina la Kaisari! Yaani kweli niliikaribia, ila nimeivaa nje ndani, lebo kifuani.

Nilisimama mbele ya lile bango nikalikinga kwa mgongo. Mimi! Ambaye kwenye picha ya darasa naonekana sikio tu.

Nikasema nitamwambia kwenye chai. Chai ikaja. Bibi kashika simu, anatuma ujumbe wa sauti kwa kundi la makeshia wastaafu wenzake: "Utafiti wangu umeonyesha..." Utafiti! Wakammwagia makofi. Ila yule aliyekuwa meneja wao. Huyu enzi hizo alikuwa akisema Bibi anajua kuhesabu hela, basi, kingine hajui. Kaandika: Una uhakika?

Bibi kajibu: Nina mkalimani.

Chai ikanipalia. Baba mdogo akanipiga mgongoni, akauliza nimemeza nati?

Alhamisi, 10 Julai

Mhifadhi wa sarafu wa hapa, mama mmoja mpole wa miwani, alimkuta Bibi kwenye kioo, pua imeacha alama. Hakukasirika. Kamwalika kesho chumba cha nyuma. Atamshikisha sarafu ya Kirumi mkononi!

Bibi hajalala mchana. Kajipaka mafuta mikono mara mbili, kisha kakumbuka mafuta hayafai, kanawa. Ana swali moja la kumuuliza mama wa watu. Ninalijua.

"Neno kwa neno, mke mwenza. Usinifupishie."

Ijumaa, 11 Julai

Nimejifungia. Niandike upesi.

Sarafu ilikuwa ndogo kuliko kifungo cha shati. Bibi aliiweka kiganjani, akaipapasa kwa kidole kama noti ya mteja. Kisha akauliza: kwa nini Agosti peke yake?

Ningeweza kugeuza. Ningeuliza habari ya uzito, mama wa miwani angejibu uzito, nami ningeleta jibu la kwangu. Lilikuwa tayari kabisa ulimini. Lakini Bibi alikuwa ananitazama mimi, si sarafu, na macho yake yalikuwa yanang'aa kweli kweli. Nikalitafsiri swali lote. Neno kwa neno.

Mama wa miwani hakucheka. Alieleza taratibu: si mwezi, ni cheo. Ikawa zamu yangu.

"Sema kwa sauti," Bibi akasema. "Hii sarafu ina miaka mingi, huenda haisikii vizuri."

Nikasema.

"Kumbe." Akaigeuza. "Na wewe umejua lini?"

"Juzi, Bibi."

"Kabla ya chai au baada?"

"Kabla."

Akairudisha sarafu kwenye kitambaa mwenyewe, akaaga kwa kichwa. Garini akakaa mbele, mgongo kwangu. Baba mdogo akauliza mbona gari limekuwa kama la msiba.

Afadhali angenigombeza! Ananigombeza hata kwa kuacha mlango wazi. Nimemvunjia heshima mbele ya wenzake, na mbele ya yule meneja, na sasa atawaambia nini? Kwamba mjukuu wake msomi —

Kandambili kwenye korido. Ni zake, anaburuta ya kushoto. Anaongea. Na nani? Na simu!

"...hapana, Meneja, nilikosea mimi kusema nusu. Habari yenyewe ni tamu zaidi. Ngojeni, anawaeleza mwenye lugha."

Wote? Kwa sauti yangu?

Anagonga. "Mke mwenza. Fungua, ninarekodi."

Daftari chini ya mto — hapana, akiingia mto huukalia yeye — chini ya godo