Tarakimu Sita Nilizomsomea Mwizi

Mwanza, Jumanne

Mdogo wangu Mwajuma,

Shikamoo yako naipokea toka huku, marahaba. Goti linakusumbuaje na mvua hizi? Mananasi ya shamba la juu mmeshavuna? Mimi mzima. Mjukuu kaota jino la pili na ananing'ata ovyo.

Sasa nisikilize. Rehema mwanangu kaambiwa na watu wa huko kwamba simu umeizima, umeifungia sandukuni, na maulidi hukwenda. Eti unaona haya. Unamwonea haya nani, wewe?

Aliyeanza ujinga ni mimi. Kijana alinipigia. "Shikamoo bibi." Marahaba. "Bibi kwenu wapi?" Kiwangwa. "Lo! Na mimi mtu wa huko huko!" Akauliza mjukuu, akauliza mvua, akauliza wazee. Mtu kakusalimia hivyo, utamkatia simu? Hatukulelewa hivyo. Akasema anakusanya watu wa Bagamoyo tulioko Mwanza, tuwe na kundi letu kwenye simu, la kuzikana. Mtu aliye ugenini akisikia kuzikana, moyo hulainika.

"Itakuingilia namba kwa ujumbe, bibi, nisomee." Nikamsomea tarakimu sita, moja moja, kwa madaha, ajue kwamba darasa la nne la zamani si mchezo.

Rehema akatoka jikoni. "Mama, nani unamsomea namba?"

"Mtu wa kwetu."

"Mama! Namba hiyo ndiyo ufunguo wenyewe, haisomewi mtu, hata angekuwa imamu!"

Kumbe mwizi keshaingia kwenye akaunti yangu ya ujumbe. Jina langu analo, picha yangu anayo. Ndiye aliyekuandikia wewe: "Mdogo wangu, nitumie namba iliyokuingilia." Ukatuma, maana dada kasema. Ndipo kwa jina lako akaanza kuwaomba hela akina mama wa madrasa, hadi mke wa imamu. Sisi ambao hatujaomba hata chumvi!

Najua inavyouma. Lakini wewe hukufanya kwa tamaa, ulimtii dada yako. Njia ya mlangoni kwako nilimwonyesha mimi. Nisamehe. Neno hilo hujalisikia kinywani mwangu tangu uzaliwe, basi lishike vizuri, silirudii.

Mke wa imamu nimempigia mwenyewe nikamweleza. Kacheka, kasema naye alishaingizwa mjini vivyo hivyo, akanyamaza kwa aibu. "Mwambie aje, sufuria la pilau halina mtu wa kulisimamia."

Itoe simu. Mpelekee Mwalimu Salome, jirani yako, akurudishie akaunti yako kama Rehema alivyonirudishia mimi yangu, kisha akuwekee namba ya siri ya pili. Usiweke mwaka wa kuzaliwa. Umri wako kijiji kizima kinaujua, unavyoutangaza. Ujumbe ukija kwa jina langu unataka chochote, usijibu. Nipigie kwa namba ya siku zote usikie sauti. Na adabu isikuponze tena: kumkatia mwizi simu si utovu wa heshima.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, apunguze tumbaku. Msalimie binamu yetu seremala, na wajukuu zako wote, hata yule mtundu.

Ijumaa baada ya swala nitakupigia. Nikiikuta imezimwa, napanda basi nakuja, na mgongo huu huu. Huku watu wananipenda, lakini tangu ulipoizima hakuna anayeniita kwa jina langu la utotoni.

Dada yako aliyekubeba mgongoni,
Mwanaidi