Mama Sharon, Nilikataa Kuvuka

Mama Sharon wangu,

Nakuandikia nikiwa kitandani mwako. Ndiyo, chako. Kiko karibu na AC na hakuna mtu mwingine anayelala humu, kwa hivyo usinune. Miezi minane imepita tangu utuache. Mengi yamebadilika hapa Wukair, kando ya Doha, na kubwa kuliko yote ni hili: ufunguo wa gari kubwa ninao mimi. Mimi Mwende, yule uliyekuwa ukimfundisha Ijumaa asubuhi kule Wakrah, akifika raundabauti anafumba macho! Nilipopata leseni nililia kwenye choo cha ofisi ya trafiki, kwa sababu wa kumpigia simu hakuwepo.

Sasa sikiliza. Idi hii bosi na Madam walitaka kwenda Salala, kule Oman, kuona milima. Bosi akapanda ndege. Sisi wengine tukaenda kwa barabara, magari mawili. Mbele alikuwa kaka wa bosi, yule watoto wanamwita Ami, na familia yake. Nyuma nilikuwa mimi na Madam, mama yake mzazi na watoto wote watatu. Aki tulifika salama, hata sikuchoka sana.

Siku ya tatu simu zikaanza kulia zote pamoja. Tufani inakuja kutoka baharini, watu waondoke pwani. Hoteli nzima ikageuka soko. Ami akasema tuondoke sasa hivi, mimi nimfuate. Nimfuate vipi, Mama Sharon, na yule anaendesha kama amefukuzwa na nyuki? Barabara ya kupanda mlima ilikuwa imejaa magari, mvua inapiga kioo, mtoto mdogo ametapika mara mbili, bibi anahesabu tasbihi nyuma yangu bila kupumua. Kabla hatujamaliza kupanda, Ami alikuwa ametupotea.

Baada ya mlima nikaingia kituo cha petroli. Msudani aliyekuwa akijaza mafuta akanionyesha barabara ya mbele kwa mkono, akapiga kelele: "Moya! Moya!" Nikamshukuru, nikaenda.

Naomba usicheke. Moya ni maji, na nimeisema mara ngapi jikoni, leta moya, chemsha moya? Lakini siku hiyo kichwa kilikuwa kimejaa, na masikio yangu ya Machakos yakasikia moja, moja. Yaani moja kwa moja, usikate kona. Maskini mwanaume wa watu ananionya kuna maji, mimi namwona ni mwema, ananielekeza!

Maji tuliyakuta kwenye bonde, mbele ya kona. Siku tulipokuja lilikuwa kavu, tukapita bila hata kuliangalia. Sasa maji ya kahawia yalikuwa yanakata barabara kwa kasi, na zile nguzo nyeupe za pembeni zimebaki vichwa tu. Ng'ambo, gari la Ami. Alikuwa amevuka muda mfupi tu kabla hatujafika. Akapiga simu, Madam akaiweka kwa sauti ya juu. Mwambie avuke, mimi nimevuka, mnangoja nini, tufani iko nyuma yenu!

"Yalla, Mwende," Madam akasema.

Unalijua neno lililokuwa mdomoni mwangu. Hadhir. Nimesikia, nafanya. Ni wewe uliyenifundisha wiki yangu ya kwanza: ukiitwa, hadhir, ukitukanwa, hadhir, utakaa hapa miaka mingi. Na nimekaa. Lakini nilitazama kile kioo cha nyuma nikaona vichwa vitatu na kitambaa cheusi cha bibi, nikasema, "La."

Neno dogo, lao na letu pia, halikuhitaji kutafsiriwa. Madam akanigeukia kana kwamba usukani ndio umezungumza. Ami kwenye simu anafoka, ati nani huyo anakataa. Nikasema tena, "La, Madam. Mimi sivuki." Nikatia gia ya nyuma, taratibu, jinsi ulivyonifundisha, bila kukanyaga mafuta kwa hasira, mpaka juu ambapo malori yalikuwa yameegeshwa. Hatujakaa hata robo saa, mti mzima na mizizi yake ukashuka na maji, ukapita palepale barabarani. Mtoto mkubwa akaanza kulia. Bibi akaniwekea mkono begani na hakuuondoa kwa muda mrefu.

Madereva wa malori walitupa chai na mkate hadi maji yakapungua. Kesho yake tuliondoka, tukavuka mipaka na kufika Doha sote, wazima. Ami hajanisalimia hadi leo. Shauri yake.

Lakini hilo silo linaloniuma. Tangu turudi nawaza asubuhi yako ile. Ulikuwa umeshika kifua, jasho linakutoka, Madam akaita kwamba watoto wanachelewa shule, nawe ukasema hadhir. Ukawapeleka. Ukarudi, ukalala hapa ninapokaa, basi. Mimi nilikuona. Nilikwambia nini? Pole, kunywa maji. Nimekukasirikia miezi minane kwa kutokukataa, kumbe na mimi nilikuwa nimesimama hapo mlangoni na mdomo wangu. Nisamehe, dadangu. Nisamehe kabisa.

Wiki jana kichwa kiliniuma siku mbili mfululizo. Nikamwambia Madam Jumanne siendeshi, naenda kupimwa presha. Akauliza, na watoto watapelekwa na nani? Nikamwambia wana baba, na baba ana gari. Akaniuliza kama nina kadi ya hospitali. Ninayo.

Basi pumzika, Mama Sharon. Likizo yangu ikifika nitakuja Bungoma, nikae na Sharon, nimweleze mamake alikuwa dereva wa aina gani. Kaburi lako sijaliona bado. Ila nakuahidi jambo moja: nitakuja kwa miguu yangu mwenyewe, nikiwa na mizigo yangu mkononi, si ndani ya sanduku kama ulivyorudi wewe.

Mwende wako